Mto Ukishuka Ndoto Zikabaki: Namna ya Kupata Usingizi Baada ya Mafuriko

Maji ya mafuriko yalipopungua katika vijiji vya Kaunti ya Tana River, hesabu ya hasara ilianza mara moja: nyumba zilizobomoka, migomba na mahindi yaliyofunikwa na tope, mifugo iliyosombwa, vyoo vilivyotitia. Iko hasara moja ambayo haikuandikwa kwenye fomu yoyote. Ni ya mkazi anayeshtuka saa nane za usiku akiwa amelowa jasho, moyo unamwenda mbio, na jambo la kwanza analofanya ni kupapasa sakafu kwa mguu kuona kama imeingia maji.

Kaunti hii ilipigwa mara mbili bila kupata nafasi ya kupumua. Kwanza zilikuja mvua za El Nino kati ya Oktoba na Desemba 2023, kisha masika ya 2024. Tarehe 28 Aprili 2024, boti iliyobeba abiria ilipinduka eneo la Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, na watu wakapoteza maisha. Wazee wanaokumbuka mafuriko ya 1961, na wale wa makamo walioona ya 1997, wanajua kwamba Mto Tana hauchagui saa ya kufurika. Mabwawa ya juu kama Masinga yakijaa na kumwaga, maji husafiri na kuwafikia wakazi wa chini wakati wowote, hata wakiwa wamelala.

Kwa hivyo ni vizuri kusema hili mapema: mtu anayelala jicho moja wazi kando ya mto huu si mwenda wazimu, wala si mwoga. Akili yake imejifunza kwamba usiku unaweza kuleta maji. Taabu huanza pale mto unaporudi kwenye mkondo wake, miezi ikapita, na akili bado inapiga kamsa kila usiku.

Ndoto mbaya hutoka wapi

Usingizi si kitu kimoja kinachoanza jioni na kuisha alfajiri. Huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na katika kila mzunguko mtu hupita usingizi mwepesi, usingizi mzito, kisha usingizi wa ndoto. Usingizi huu wa ndoto ulielezwa na watafiti Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1953, walipoona kwamba macho ya mtu aliyelala huchezacheza haraka chini ya kope kwa vipindi fulani vya usiku. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho ni kifupi. Kuelekea alfajiri hurefuka. Ndiyo sababu ndoto mbaya nyingi huja baada ya saa nane au saa tisa za usiku, na ndiyo sababu mtu huzikumbuka vizuri: ameamshwa katikati yake.

Ndoto mbaya ya mara moja moja humpata kila mtu na haina neno. Baada ya msiba, ajali, shambulio au mafuriko, ndoto huongezeka kwa wiki kadhaa, na kwa watu wengi hupungua zenyewe. Kwa wengine hukwama. Tukio lilelile hurudi vilevile, kama rekodi iliyokwaruzika, na mtu huanza kuogopa kitanda chenyewe. Hapo ndipo mduara mbaya unapoanza. Anachelewa kulala ili asiote, uchovu unazidi, na uchovu wenyewe huzidisha ndoto. Mchana anasinzia shambani, anawakaripia watoto, anasahau alichotumwa.

Mafuriko si sababu pekee. Homa kali huleta ndoto za ajabu, na katika eneo lenye malaria kama hili, ndoto kali za ghafla zikiandamana na joto la mwili ni sababu ya kupimwa damu kwanza. Pombe humlaza mtu haraka lakini huubana usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku. Pombe ikiisha mwilini, ndoto hurudi kwa nguvu kuelekea alfajiri. Mnywaji wa kila siku anayeacha ghafla huweza kupata ndoto za kutisha kwa siku kadhaa, na kwa aliyekuwa akinywa sana, kuacha ghafla ni jambo la kufanyika chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Miraa na muguka huamsha ubongo, na anayetafuna hadi usiku wa manane asishangae usingizi ukimkimbia mpaka adhuhuri.

Zipo pia dawa. Propranololi, inayotolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo na shinikizo la damu, inajulikana kuleta ndoto kali kwa watu wengine. Efavirenzi, iliyotumiwa na watu wengi kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ilikuwa na sifa hiyohiyo, na hata dolutegraviri inayotumika sasa huwakatiza baadhi ya watu usingizi. Dawa hizi hazistahili kuachwa. Mgonjwa amweleze mhudumu wa kliniki yake, kwa sababu mara nyingine kubadilisha saa ya kumeza tembe kutoka usiku hadi asubuhi hutosha. Kuacha dawa kimyakimya ili kukimbia ndoto ni kubadilisha mwiba kwa mshale.

Jinamizi la kukabwa

Katika barza na vijiweni, neno jinamizi hutumika kwa kitu mahususi zaidi ya ndoto mbaya. Mtu anaamka, anaona chumba, anasikia hata jogoo, lakini hawezi kusogeza mkono wala kupiga kelele. Kifuani anahisi kuna kitu kizito kimemkalia. Wengine huona kivuli mlangoni. Hofu yake haielezeki, na si ajabu kwamba watu wa pwani, kama watu wa mataifa mengine mengi, wamelihusisha na viumbe wasioonekana. Kisiwani Pemba na Unguja mwaka wa 1995, hofu ya popobawa ilisambaa hadi watu wakalala nje kwa makundi.

Kinachotokea mwilini kinajulikana. Wakati wa usingizi wa ndoto, ubongo huifunga misuli ya mikono na miguu ili mtu asitende anachokiota, asije akakimbia kweli au kupiga kweli. Mara nyingine akili huamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa. Mtu yuko macho, mwili bado umelala, na mabaki ya ndoto yanaendelea kuonekana chumbani. Huchukua sekunde chache, mara nyingine dakika moja au mbili, kisha hupita. Halimuui mtu.

Humpata zaidi aliyekosa usingizi wa kutosha, anayebadilisha saa za kulala kama mlinzi wa zamu za usiku au mwendeshaji bodaboda, na anayelala chali. Likimjia, asipigane na mwili mzima. Ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu au kukunja uso, na apumue polepole, kwani misuli ya kupumua inaendelea kufanya kazi hata kama kifua kinahisi kizito. Kulala kwa ubavu hupunguza kurudi kwake. Anayetaka kusoma dua au sala afanye hivyo. Utulivu unaoletwa na maombi ni msaada wa kweli. Tatizo liko kwa wale wanaodai maelfu ya shilingi au mbuzi mzima kumfukuza jinamizi, ilhali mgonjwa alihitaji wiki mbili za kulala saa zilezile.

Watoto wanaopiga kelele usiku

Wazazi wengi huchanganya mambo mawili. Mtoto mwenye ndoto mbaya huamka, hulia, humtambua mama yake, na huweza kusimulia alichokiota. Huyu anataka kukumbatiwa, kuambiwa yuko salama, na kukaliwa karibu hadi alale tena.

Mtoto mwenye kitisho cha usiku ni tofauti. Saa moja au mbili hivi baada ya kulala, huketi ghafla, hupiga mayowe, macho yako wazi lakini hamwoni mtu. Akishikwa hupigana. Baada ya dakika chache hulala tena kama hakuna kilichotokea, na asubuhi hakumbuki lolote. Hali hii hutoka kwenye usingizi mzito, si kwenye ndoto, na huwapata hasa watoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na miwili. Asitikiswe wala asimwagiwe maji. Kazi ya mzazi ni kuondoa vitu vya hatari karibu naye, kumzuia asitoke nje au kuangukia jiko, na kusubiri. Watoto wengi huacha wanapokua. Kumlaza mapema husaidia, kwa kuwa uchovu huchochea hali hii. Mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10.

Baada ya mafuriko, mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huweza kuanza tena. Huweza pia kukataa kulala peke yake, au kucheza mchezo uleule wa boti kuzama kila siku. Hiyo ni lugha yake ya kusema alichokiona. Kumchapa au kumwanikia godoro hadharani ili aone haya humwongezea hofu, na hofu humwongezea mkojo.

Kuibadilisha ndoto mchana

Iko njia moja ambayo haihitaji dawa wala pesa. Wataalamu huiita tiba ya mazoezi ya taswira. Mwaka wa 2001, daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani utafiti uliohusisha wanawake 168 wa jimbo la New Mexico walionusurika ukatili wa kingono na waliosumbuliwa na ndoto mbaya. Waliofundishwa njia hii walipungukiwa na ndoto na wakalala vizuri kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao. Leo ni miongoni mwa njia zinazopendekezwa zaidi kwa ndoto mbaya za kujirudia.

Msingi wake ni kwamba ndoto inayojirudia imekuwa mazoea ya akili, na mazoea huweza kufundishwa upya. Mtu huchukua ndoto yake mchana, akiwa macho na ametulia, akaibadilisha apendavyo, kisha akaifanyia mazoezi ile mpya.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mkulima anayeota kila wiki kwamba maji yameingia usiku, anamshika mwanawe mkono, na mkono unateleza. Ameketi chini ya mwembe mchana. Anaisimulia ndoto kwa ufupi, moyoni au kwenye daftari, kisha anachagua mahali pa kuigeuza. Si lazima mageuzi yawe ya kweli wala ya maana. Katika ndoto mpya, mtumbwi umefungwa mlangoni tangu jioni. Mtoto amekwisha panda, ameshika kuku. Maji yanafika hadi ngazi ya kwanza na kusimama hapo kama mgeni asiyekaribishwa. Mama anapiga kasia hadi kwenye kilima ambako jirani anachemsha chai.

Kisha anafumba macho na kuipitia ndoto mpya kwa dakika 10 hadi 20, akiona rangi, akisikia sauti, akinusa chai. Anafanya hivyo kila siku. Ile ya zamani hairudii. Watu wengi huanza kuona nafuu baada ya wiki chache: ndoto huja mara chache zaidi, au huja lakini imefifia, au mtu anajikuta katikati ya ndoto akikumbuka mtumbwi.

Asianze na ndoto iliyo mbaya kuliko zote. Aanze na ndogo, aizoee njia. Asiyeandika aseme kwa sauti au achore mchangani. Mtoto huweza kuchora ndoto yake, kisha akachora karatasi ya pili inayoonyesha ilivyoisha vizuri. Mtu akiona kwamba kuikumbuka ndoto kunamrudisha kwenye tukio lenyewe hadi anatetemeka, aache, na aifanye akiwa na mshauri.

Wapo wakazi Waislamu waliolelewa kwa mafundisho kwamba ndoto mbaya haisimuliwi kwa watu, bali mtu hujikinga kwa Mola, hugeuka ubavu mwingine na kulala. Njia hii haipingani na hilo. Haimtaki mtu amweleze yeyote alichokiota. Anayekwenda kwa mshauri anaweza kusema tu "ninaota mafuriko" na kufundishwa hatua, maelezo mengine akayaweka moyoni.

Chumba, joto na zamu ya kulinda mto

Ushauri mwingi wa usingizi umeandikwa kwa watu wenye vyumba vya baridi na mapazia mazito. Hola si hivyo, na hema la bati au turubai kwenye kambi ni zaidi. Mwili hulala vizuri unapopoa, basi kuoga maji ya kawaida kabla ya kulala, kufungua madirisha yenye wavu, na kulala juu ya mkeka badala ya godoro la sponji usiku wa joto kali vina faida. Anayelala nje asiache chandarua. Usingizi wa kukimbizana na mbu si usingizi, mbali na malaria yenyewe.

Saa ya kuamka ina uzito kuliko saa ya kulala. Mtu akiamka saa kumi na mbili kila siku, hata baada ya usiku mbaya, mwili hujipanga wenyewe baada ya siku kadhaa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Akilala mchana, isizidi nusu saa, na iwe kabla ya alasiri. Chai ya rangi na kahawa vina kafeini inayobaki mwilini kwa saa nyingi, basi kikombe cha mwisho kiwe alasiri. Akikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, asibiringike humo akihesabu shida. Ainuke, akae mahali penye giza jepesi, avute uradi au afanye kazi ndogo ya mikono, arudi usingizi unapomjia. Ndivyo kitanda kinavyoacha kuwa uwanja wa vita.

Simu ni jambo jingine. Video za maji yanayobomoa madaraja husambazwa zaidi usiku kwenye makundi ya WhatsApp, nyingine zikiwa za miaka iliyopita au za nchi nyingine kabisa. Anayezitazama saa tano za usiku anaipa akili yake malighafi ya ndoto.

Lakini wakati wa mvua, kuzima simu kabisa si busara, na hapa ndipo kijiji kinaweza kufanya kile ambacho mtu mmoja hawezi. Wakazi wa eneo moja wakipanga zamu ya kuangalia mto usiku, wawili wawili, wengine wote wanaweza kulala wakijua kuna anayetazama. Atakayepokea tahadhari za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na taarifa za mabwawa awe anajulikana kwa jina. Ishara ya kuamshana, iwe filimbi au debe, ikubaliwe mapema. Kila nyumba ijue njia ya kwenda mahali pa juu, na mkoba wenye vitambulisho, dawa na vyeti vya watoto ukae mlangoni. Maandalizi haya huokoa maisha, na pia huipa akili sababu ya kweli ya kutulia. Kumwambia mtu "usiogope" hakumlazi. Kumwonyesha zamu iliyopangwa humlaza.

Wakati wa kutafuta msaada

Mkazi aende kituo cha afya, au amweleze mhudumu wa afya ya jamii anayezuru nyumba yake, ikiwa ndoto mbaya zimeendelea zaidi ya mwezi mmoja na zinamharibia kazi au masomo. Ikiwa anakwepa shamba, mto au barabara kwa sababu ya kumbukumbu. Ikiwa tukio humrudia hata mchana kana kwamba linatokea sasa. Au ikiwa ameanza kunywa ili alale. Hizi huweza kuwa dalili za athari za kiwewe, ambazo zina tiba. Mzee anayerusha ngumi na mateke usingizini akitenda anachokiota naye apelekwe, kwa kuwa hali hiyo huweza kuashiria ugonjwa wa neva. Vilevile anayekoroma sana na kukatika pumzi usiku.

Tembe za usingizi zisinunuliwe kiholela dukani. Nyingine huzoeza mwili haraka, na kuziacha huleta usiku mbaya kuliko wa kwanza.

Anayewaza kujiua asisubiri mwezi wala siku. Wengine wamekuwa wakinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa wa kuhudumiwa, na asiachwe peke yake hadi afikishwe kituoni.

Namba za kupiga bila malipo ni 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa ushauri nasaha, 116 kwa masuala ya watoto, na 1195 kwa aliyepitia ukatili wa kijinsia, ambaye ndoto zake mara nyingi ndizo za kwanza kusema kilichotokea.

Anayekwenda kituoni abebe dawa zote anazotumia, zikiwamo za kienyeji, na kumbukumbu ya wiki moja: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, ndoto ilikuja saa ngapi, na alikunywa au kutafuna nini jioni hiyo. Hata kama imeandikwa nyuma ya risiti, humsaidia mhudumu kujua aanzie wapi.